Kitambaa cha Mashine Iliyochelewa

Mwaka ule tepe za taipureta hazikufika. Tulikuwa wanafunzi wanane katika darasa la ukarani pale misheni, wasichana watano na wavulana watatu, na tuliambiwa kwamba tepe zingefika kabla ya kiangazi. Kiangazi kikaingia, vumbi likajipenyeza hata katikati ya kurasa za vitabu vya nyimbo, na tepe hazikuonekana. Zile zilizokuwa mashineni zilikuwa zimegongwa hadi zikakauka kabisa. Herufi ziliacha vishimo kwenye karatasi badala ya wino. Mtawa aliyetufundisha, mwanamke mrefu asiyeinua sauti, aliinamisha kila ukurasa kwenye mwanga wa dirisha ili avisome vivuli vya maneno yetu. Makosa yetu aliyaona yote hivyo hivyo.

Jaribio la mwisho wa mwaka lilikuwa kunakili kurasa kumi na mbili bila kosa hata moja. Tulipewa majuma sita. Sisi saba tulianza siku ile ile, kwa sababu ya woga. Msichana mmoja hakuanza. Alikaa mbele ya mashine yake, mikono mapajani, akizisoma kurasa zile kumi na mbili tena na tena kama mtu anayesali rozari.

"Wewe mbona hupigi?" nilimwuliza.

"Nangoja utepe."

"Na usipokuja?"

"Utakuja. Hukumsikia Mtawa? Nakala safi haianzwi kwa utepe mchovu. Wewe endelea tu kutoboa karatasi."

Ni kweli kwamba Mtawa alikuwa amesema hivyo. Aliyaandika maneno hayo ubaoni siku ya kwanza, akatueleza sababu yake: ukibadili utepe katikati ya kazi, kurasa za mwanzo zitakuwa hafifu na za mwisho nyeusi, na msomaji atajua mahali hasa ulipochoka.

Tepe zilifika siku moja kabla ya jaribio kufungwa. Msichana yule aliketi kengele ya asubuhi ilipolia, akainuka kengele ya jioni ilipolia, na kurasa kumi na mbili zikawa mezani bila doa. Alipewa zawadi ya kalamu ya wino mbele ya shule nzima. Sisi tuliotangulia tulirudishiwa karatasi zetu. Mimi nilitoka na jina la Karatasi, kwa wingi wa zile nilizoharibu, na yeye akatoka na jina la Nukta, kwa kuwa nukta zake peke yake hazikutoboa ukurasa. Tukaambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na bado sijaacha kujiuliza kama zawadi ile haikuwa balaa kubwa kuliko yote yaliyompata maishani.

Bi Nukta alikuwa karani mpiga chapa katika ofisi ya ardhi kwa miaka thelathini na sita, chini ya wakubwa kumi na mmoja. Barua ikitoka mkononi mwake hairudi. Mkubwa mmoja, kijana mwenye haraka, alisimama nyuma ya kiti chake akigonga saa yake kwa kidole, naye akamwambia bila kugeuka, "Bwana mkubwa, barua hii itakaa kwenye faili miaka hamsini. Wewe kwenye kiti hicho utakaa mingapi?" Alikaa miwili.

Aliolewa na mwalimu wa historia, mtu mfupi, mcheshi, mwenye mwandiko ambao yeye mwenyewe hakuweza kuusoma baada ya juma moja. Hivyo waligawana kazi. Kila likizo waliwatembelea wazee, nyumba kwa nyumba. Mwalimu akiuliza, mkewe akiandika kwa hatimkato ile aliyotufundisha Mtawa. Kwa asiyeijua, hatimkato ni maandishi ya mistari badala ya herufi. Mstari mwembamba una sauti yake, na mstari ule ule ukikolezwa una sauti nyingine, ili mkono uweze kuufuata mdomo. Lakini wazee huongea haraka wakikumbuka ujana wao, na Bi Nukta, ili asiachwe nyuma, aliukata hata huo mkato. Kwa miaka ishirini na mitano alijitungia alama ambazo hakuna chuo kilichozifundisha.

Madaftari yalifika thelathini na moja, yakatiwa katika sanduku la bati chini ya kitanda. Walipatana kwamba akistaafu atayapiga chapa yote, yawe kitabu. Mwalimu alifariki mwaka mmoja kabla ya mkewe kustaafu. Kwa hiyo kazi yote ya maisha ya marehemu, sauti za wazee ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa, ilikuwa ndani ya sanduku lile, na ufunguo wake ulikuwa macho ya mtu mmoja.

Walikuwa na binti mmoja, mtaalamu wa maabara hospitalini, mwenye subira ya baba na ulimi wa mama. Yeye ndiye aliyemnunulia mamaye kompyuta ya kwanza, dubwana lililokwisha kutumiwa na ofisi fulani, lenye kuvuma kama kinu cha kusaga. Bi Nukta aliizoea katika juma moja. Aliipigia kumbukumbu za mikutano ya kanisa na barua za majirani. Madaftari hakuyagusa.

"Hii ni ya mazoezi," alisema. "Kazi ya baba yako haitapigwa kwenye mashine inayokohoa."

Siku moja waliipeleka kutolewa vumbi kwa fundi wa barabara ya pili, mtu wa makamo aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio, ambaye miwani yake ilikaa kwenye paji la uso na kamwe haikushuka machoni. Juu ya meza yake palikuwa na kisanduku cha rangi ya fedha, kipana kama sahani na kinene kama vitabu viwili vya nyimbo, nacho kilikuwa kimeunganishwa na kioo.

"Kompyuta yenyewe iko wapi?" aliuliza Bi Nukta.

"Si hiyo hapo, Mama."

"Hiyo? Mbona hailii?"

"Hazilii hizi. Zinafanya kazi kimya kimya."

Binti alinisimulia kwamba mamaye alikigusa kisanduku kile kwa ncha ya kidole, kama unavyogusa shavu la mtoto aliyelala, na kwamba hajawahi kumwona akitamani kitu namna ile. Alikuwa tayari kukichukua. Alikuwa amekwisha kuuliza kama mkoba wake ungekitosha. Hapo fundi, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, akajiharibia siku na kutuharibia miaka mitano.

"Ila Mama, mimi si mtu wa kukudanganya," alisema. "Toleo hili lina miaka mitatu sasa. Jipya linatarajiwa mwaka huu huu."

Bi Nukta akaurudisha mkono wake. "Mwaka huu?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi tutangoja."

Binti alipojaribu kubisha, jibu lilikuwa tayari, limekuwa tayari tangu darasani kwetu. Fundi naye aliingilia kati. "Lakini Mama, humu ndani hakuna utepe."

"Fundi, kila chombo kina utepe wake. Kama huuoni, ni kwa sababu miwani umeiweka kwenye nywele."

Mwaka ule kampuni inayotengeneza visanduku vile ilifanya mkutano wake mkubwa wa kutangaza bidhaa. Binti aliisoma habari kwenye simu yake, na mimi nilikuwapo, nimekuja kunywa chai kama nilivyozoea kila Alhamisi.

"Wametoa simu," alisema Binti.

"Na kisanduku?"

"Wametoa saa."

"Sikuuliza saa. Nimeuliza kisanduku."

"Hawakukitaja, Mama."

"Watakuwa wanakinyoosha vizuri," alisema Bi Nukta, akanimiminia chai.

Mwaka wa pili walitoa simu nyingine, na kitu cha kuvaa masikioni. Mwaka wa tatu zikavuma tetesi kwamba visanduku vile havitatengenezwa tena kamwe. Tetesi hizo hazikumtikisa. "Hata Mtawa aliambiwa kwamba kiwanda cha tepe kimefungwa," alisema. "Karatasi, wewe ni shahidi." Nami, kwa kuwa ilikuwa kweli, nilishuhudia. Nilipaswa kunyamaza.

Mtu akidhani kwamba alikaa bure amekosea. Alijiandaa kuliko bibi harusi. Aliyatia madaftari namba, akayafunga kwa ugwe, akayafungua, akayapanga upya kwa majira. Alimwita seremala, akaagiza meza yenye kimo cha vipimo alivyofundishwa na Mtawa, viwiko visipande wala visishuke. Kisha akashona kitambaa cheupe chenye ukingo wa samawati cha kuifunika mashine isiingiwe vumbi, akifuata vipimo vya kisanduku cha fundi, aliyemruhusu kukipima kwa futi ya kushonea. Kitambaa kilitandikwa juu ya meza tupu. Jirani aliyeingia kuazima pasi alikitazama, asiyaamini macho yake.

"Hiki ni cha nini?"

"Cha kompyuta."

"Iko wapi?"

"Inakuja."

"Jirani yangu, mimi nimeona watu wakinunua kamba kabla ya ng'ombe. Lakini wewe umemkamua kabisa."

Fundi, kwa upande wake, alianza kuteseka. Bi Nukta alipita kwake kila Jumatatu kuulizia. Mwaka wa nne alikuwa akiuona mwavuli wake unakata kona, mara moja anainama chini ya meza kutafuta skrubu ambayo haikuwa imeanguka.

Mwaka huo huo wa nne, macho yakaanza. Kwanza aliona ukungu, akalaumu balbu. Kisha akamwaga chai pembeni ya kikombe changu, akanilaumu mimi. Binti alimpeleka hospitalini, na daktari akaeleza bila kuficha: jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na hilo lingeweza kupasuliwa, la kulia lilikuwa na presha iliyokwisha kulila kwa ndani, na kilicholiwa hakirudi. Hata hilo la kushoto, alisema daktari, hakuna ajuaye litadumu muda gani.

Alhamisi iliyofuata niliwakuta wamekaa wakitazamana.

"Mjomba, sema naye wewe," alisema Binti. "Mimi nimechoka. Kompyuta ipo, meza ipo, mikono ipo. Kinachokwisha ni macho. Mama anangoja kiwanda, na kiwanda hakimjui Mama."

"Lete ile mashine inayokohoa," nilisema. "Dada, wewe soma kwa sauti, mimi nitapiga."

"Wewe Karatasi?" Alicheka hadi akajifuta machozi. "Mwalimu wangu apigwe chapa na Karatasi?"

"Basi nipe daftari nijaribu kusoma mwenyewe. Sote tulifundishwa na mtu mmoja."

Alinipa la kumi na saba, kwa dharau. Nililitazama kwa muda mrefu. Nilitambua tarehe. Kuanzia hapo palikuwa kama nyayo za ndege kwenye matope: niliona kwamba mtu alipita, sikujua alikokuwa akienda. Nilimrudishia. Akaliinua hadi karibu na pua yake, akaligeuza dirishani kama Mtawa alivyogeuza kurasa zetu, na bila kuombwa akaanza kusoma.

Ilikuwa habari ya bibi mmoja ambaye, alipokuwa msichana, alitumwa kurudisha chungu ambacho mamaye alikiazima na kukaa nacho miaka, mpaka mwenye chungu akakasirika na kuhama. Alitembea siku tatu nacho kichwani. Bi Nukta alisoma polepole, na alipofika kwenye maswali ya mumewe sauti yake ilibadilika bila yeye kujua, ikawa nzito na ya haraka.

"'Na chungu kilifika kizima?' 'Chungu kilifika, mwalimu wangu. Mwenye chungu ndiye aliyekuwa hayupo.'" Akasogeza kidole. "Hapa Mwalimu anacheka."

"Kicheko nacho uliandika?" aliuliza Binti.

"Kilikuwa sehemu ya maneno yake. Kina alama yake. Hii hapa, yenye mkia."

Binti aliinama akaitazama alama ile. Alikuwa hajakisikia kicheko cha babaye kwa miaka minane. Nilidhani kwamba siku hiyo mambo yangegeuka. Lakini Bi Nukta alilifunga daftari, akalinyoosha jalada kwa kiganja, akasema, "Hiyo ilikuwa rasimu tu. Nakala safi inakuja."

Jicho la kushoto lilipasuliwa, likapata nafuu. Mwaka wa tano kampuni ilifanya mkutano wake, ikatoa simu, na mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka mwavuli akiwa mlangoni, ikatoa kisanduku. Fundi hakungoja Jumatatu. Alikileta mwenyewe, amevaa koti, na miwani yake siku hiyo ilikuwa machoni.

Alikiweka juu ya meza ya seremala. Kampuni, katika miaka yote ile ya kunyoosha, ilikuwa imekipunguza kisanduku; kilikuwa kama nusu ya kile cha zamani. Bi Nukta alikichukua kitambaa chake chenye ukingo wa samawati, akakifunika. Kilining'inia pande zote hadi mezani, kama mtoto aliyevaa koti la babaye.

"Kikifuliwa kitanywea," alisema hatimaye.

Kilifuliwa mara tatu. Hakikunywea.

Alianza kazi kesho yake. Na hapo ndipo ilipojulikana kwamba jicho lililobaki halikuweza tena kutenganisha mstari mwembamba na mnene. Angeweza kubahatisha, kwa maana maneno mengi yangejieleza yenyewe, lakini hakuwa mtu wa kubahatisha kwa jina la mumewe. Aliketi mbele ya mashine aliyoingoja miaka mitano, mikono mapajani, kama nilivyomwona mara ya kwanza.

Binti ndiye aliyepata njia. Aliupiga picha kila ukurasa wa daftari kwa simu yake, akaiingiza kwenye kisanduku, akaikuza kiooni mpaka mstari mmoja ukawa mnene kama kidole gumba. "Unaona sasa, Mama?" Mamaye alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Kisha vidole vikaanza kwenda.

"Unaona?" aliniambia, bila kugeuka. "Ingekuwa ile inayokohoa, ingeweza haya?"

Fundi alikuwapo, amekuja kuangalia kama mashine inakwenda, na nilipokuwa nikimsindikiza barabarani alinishika mkono. "Mzee, nina neno, naomba libaki kwetu. Kile kikubwa cha mezani kwangu kingeweza kufanya hivi hivi. Tangu siku ya kwanza."

Nilimwahidi kwamba litabaki kwetu, na limebaki hadi leo ninapoliandika.

Zamani alikuwa akipiga kurasa tano kwa saa moja. Sasa siku njema ilimpa ukurasa mmoja, na si siku zote zilikuwa njema. Lakini kurasa zenyewe! Wa kwanza na wa mia moja weusi wake ni mmoja. Hakuna msomaji atakayejua mahali alipochoka. Kila jioni Binti alirudi kutoka kazini, akauchukua ukurasa wa siku hiyo, akausoma amesimama, mkoba ungali begani. Daftari la kwanza likaisha, la pili, la tatu. La nne lilikuwa limevuka nusu.

Ishirini na saba bado yamo sandukuni. Binti amenipa nakala ya kurasa zilizopigwa, nami kila asubuhi naziweka kando ya madaftari ya mwanzo na kulinganisha neno kwa alama, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hadi sasa nimetambua alama sitini na tatu. Ya kwanza ilikuwa ile yenye mkia. Mtawa angenipa alama za chini, lakini sidhani kama angenizuia kuanza.

Bi Nukta alifariki Jumatano, kabla hakujapambazuka vizuri, kwa moyo. Habari za siku yake ya mwisho nimezipata kwa Binti, ambaye Jumanne hiyo alikuwa nyumbani kwa mapumziko, na kwa fundi mwenyewe. Saa tisa alasiri Bi Nukta alisimamisha kazi katikati ya ukurasa, akampigia fundi simu.

"Fundi, nimesikia kwamba kuna kingine kinakuja. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Tangazo lake lilikuwa ukutani, mbele ya macho ya fundi.

"Hapana, Mama," alisema fundi. "Wameacha kuvitengeneza. Hicho chako ndicho cha mwisho."

Binti alimwona akigeuka kukitazama kisanduku.

"Basi," alisema, "nitaendelea na hiki."

Alikata simu, akarudi mezani, akamalizia ukurasa. Aliuhifadhi, akauchapa, akaukagua kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaizima mashine, akakikunja kitambaa mara mbili ili kienee, akaifunika.